Pesa za watoto kwenye meli ya kitalii: kufunga kadi, kuweka kikomo, akaunti yake au taslimu?

Kwenye meli ya kitalii karibu hakuna anayelipa kwa noti. Ukishapanda, kila msafiri, hata mtoto wa darasa la kwanza, anakuwa na kadi yenye jina lake: Royal Caribbean wanaiita SeaPass, Carnival ni Sail & Sign, Disney ni Key to the World. Kadi hiyo moja inafungua mlango wa kabini, inamtambulisha mtoto kwa walinzi anaposhuka na kupanda bandarini, na pia inanunua. Inafanya kazi kama daftari la mkopo la duka la mtaani: mtoto anafika, anataja jina la baba, mwenye duka anaandika, na baba anakutana na hesabu mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba mwenye duka anamjua baba, na akiona soda ya nne kwa siku moja atauliza. Mashine ya gemu haiulizi.

Mzazi ana njia nne za kushika breki, na kila moja inashika mahali tofauti. Tuzipime kwa mfano mmoja ili tofauti zionekane: safari ya usiku 7 kutoka Miami, watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 14, na kila mmoja ametengewa dola 70.

Kwanza, pesa zinavujia wapi

Chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli, kwa hiyo mtoto hatalala njaa hata kama kadi yake hainunui kitu. Kwenye meli nyingi za Karibi piza, aiskrimu ya mashine, maji na juisi ya asubuhi havilipiwi. Vinavyolipiwa, na ambavyo watoto huvikimbilia, ni soda, peremende na aiskrimu za dukani, gemu, na intaneti kwa wale wenye simu. Disney wana utaratibu wao: soda za mezani na za kwenye mashine za sitahani ni bure, na kwa familia yenye watoto wadogo hilo peke yake linabadili hesabu nzima.

Tazama kopo moja la soda. Bei yake ubaoni, tuseme, ni dola 3.50. Risiti inapotoka, chini ya bei kuna mstari wa bakshishi ambao kompyuta imeshaujaza: asilimia 18 kwenye meli nyingi, 20 kwenye nyingine. Kopo limekuwa dola 4.13. Chini yake tena mara nyingi kuna nafasi nyingine, tupu, ya bakshishi ya ziada, halafu mahali pa saini. Mtoto akiona nafasi tupu kwenye karatasi anaijaza, kama alivyofundishwa shuleni. Mfundisheni nyumbani, kwa kalamu na karatasi, kwamba nafasi hiyo inapigwa mstari, na kwamba bakshishi ya kwanza tayari imelipwa.

Je, kifurushi cha soda kinasaidia? Kikiwa dola 8 kwa siku, pamoja na asilimia 18 kinafika dola 9.44, na kwa siku 7 ni dola 66.08. Kwa kawaida hukinunui kwa siku moja moja, unakichukua kwa safari nzima. Kinalipa kwa mtoto anayekunywa makopo matatu au zaidi kila siku, na binafsi tusingependa mtoto wa miaka 9 afikie huko. Wa makopo mawili anatumia dola 8.26 kwa siku, chini ya bei ya kifurushi. Bei hubadilika kila msimu, lakini gawanyo ni hilohilo: bei ya kifurushi pamoja na bakshishi, gawa kwa bei ya kopo pamoja na bakshishi.

Gemu ndiyo inayoumiza zaidi kwa sababu ya kasi yake. Mtoto anapitisha kadi, taa inawaka, mchezo unaanza. Hakuna risiti, hakuna saini, hakuna noti inayoonekana ikitoka mfukoni. Mchezo wa dola 2 unaodumu dakika 2 unameza dola 30 kwa nusu saa. Mashine ya kunyakua mwanasesere ni mbaya kuliko hiyo, kwani jaribio moja halimalizi hata nusu dakika, na mtoto aliyekosa kidogo anaamini jaribio linalofuata ndilo lenyewe.

Kadi iliyofungwa kabisa

Mzazi anaomba kadi ya mtoto iondolewe uwezo wa kununua. Mlango wa kabini utaendelea kufunguka na ngazini atapita kama kawaida, kwa sababu hizo ni kazi nyingine za kadi hiyohiyo. Wazazi wengi hawalijui hili, na badala ya kufunga malipo wanamnyang'anya mtoto kadi. Matokeo yake mtoto anabaki nje ya kabini, anazunguka sitaha tatu akimtafuta mama.

Kwa mtoto wetu wa miaka 9, njia hii ni salama kabisa ikiwa mzazi au mkubwa mwingine yuko naye anapotaka kitu. Dola zake 70 zinabaki kwenye daftari la mama, na kila ununuzi unapita kwenye kadi ya mama. Shida ni kwamba mama ndiye anayekuwa benki, siku nzima, na ombi la soda linamfikia hata akiwa amelala kwenye kiti juani. Faida kubwa ni kwamba hakuna hesabu ya kushtukia.

Kwa wa miaka 14 njia hii haifai. Vijana wa rika hilo hutembea kwa makundi kutoka klabu yao kwenda ukumbi wa gemu, na asiye na hata dola 5 ataanza kukopa kwa wenzake. Deni la mtoto kwa mtoto melini ni gumu kulifuatilia, na mara nyingi mzazi wa mtoto aliyekopesha ndiye analigundua.

Kikomo kwenye akaunti ya mzazi

Hapa mtoto ananunua kwa kadi yake, bili inakwenda kwa mzazi, lakini kompyuta inakataa akifika kiasi kilichowekwa. Ndiyo njia wanayoipendekeza wengi, na tunaiunga mkono kwa masharti.

Sharti la kwanza: uliza kama kikomo ni cha siku au cha safari nzima. Huweza kuwa cha safari nzima. Ukiweka dola 70 ukidhani umempa dola 10 kwa siku, umempa dola 70 za usiku wa kwanza. Mtoto wa miaka 14 akimaliza dola 30 kwenye gemu Jumapili na nyingine 30 Jumatatu, amebaki na dola 10 tu, na kuanzia Jumanne ni mzazi anayebeba malalamiko mpaka Jumamosi.

Dawa yake ni kupandisha kikomo kwa vipande. Siku ya kwanza kiwe dola 10. Kila siku inayofuata mwombe mhudumu wa kaunta ya huduma kwa wageni, au fanya kwenye programu ya meli kama inaruhusu, akiongeze kwa dola 10. Foleni ya kaunta hupungua sana usiku, baada ya maonyesho ya jioni kumalizika, kwa hiyo saa tano usiku ni wakati mzuri kuliko saa nne asubuhi. Siku ambazo mtoto hakutumia, kikomo kinabaki na nafasi ya kesho, na hapo anaona kwa macho yake faida ya kutotumia. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayofundisha jambo hilo vizuri hivyo.

Sharti la pili: kikomo kina matundu. Chakula cha kuletewa kabini, vinywaji vya friji ndogo ya kabini na picha za wapigapicha wa meli huweza kwenda kwenye akaunti ya kabini au ya msafiri mkuu badala ya akaunti ya mtoto. Mwombe mhudumu wa kabini aiondoe akiba ya friji siku ya kwanza. Hufanya hivyo bila tatizo. Kwenye mashine za gemu na visiwa binafsi vya kampuni, kama CocoCay ya Royal Caribbean ambako kadi ileile ya meli inatumika, malipo huweza kuchelewa kuingia, na hapo mtoto anavuka kikomo kabla kompyuta haijajua.

Sharti la tatu: bakshishi inahesabika ndani ya kikomo. Dola 70 za kikomo, kwa soda na vitu vya baa vyenye asilimia 18, ni dola 59 na senti kidogo za bei ya ubaoni. Mwambie mtoto hivyo mapema, asije akadhani ameibiwa.

Akaunti ya mtoto mwenyewe, kwa pesa taslimu

Badala ya kumfunga mtoto kwenye kadi yako ya benki, unafika kaunta na dola 70 za noti, unaziweka kwenye akaunti yake peke yake, na unaomba isiunganishwe na kadi yoyote. Zikiisha, zimeisha. Kilichobaki anarudishiwa mwisho wa safari.

Kwa kijana wa miaka 14 tunaiona ndiyo bora. Pesa ni zake, anaona salio lake kwenye programu au kwenye televisheni ya kabini, na hakuna mlango wa nyuma wa kuingia kwenye pesa za wazazi. Inawafaa pia wazazi wanaotumia kadi ya debiti. Meli hushikilia kiasi fulani benki, mara nyingi kila siku kadiri matumizi yanavyopanda, na pesa hiyo iliyoshikiliwa haiachiliwi papo hapo safari ikiisha. Huweza kuchukua siku kadhaa. Familia inayotegemea akaunti hiyohiyo kulipia mafuta ya gari ya kurudi nyumbani inaweza kukwama ilhali pesa ipo.

Lakini kuna kosa moja linaloharibu njia hii yote, na hutokea mara kwa mara. Meli nyingi hutoza bakshishi ya wafanyakazi kila siku kwa kila msafiri, watoto wakiwemo, na huiandika kwenye akaunti ya msafiri mwenyewe. Tuseme ni dola 18 kwa siku. Mtoto aliyewekewa dola 70 anaamka siku ya pili ana 52 ingawa hajanunua hata pipi. Siku tatu zimekula dola 54, na ya nne inamaliza kilichobaki na kumwacha na deni la dola 2. Anakwenda kununua aiskrimu, kadi inakataa mbele ya wenzake, na anarudi kabini analia akidhani amekosea yeye. Lipa bakshishi za familia nzima kabla ya safari, wakati wa kulipia nauli, au mwombe mhudumu wa kaunta azihamishie zote kwenye akaunti ya mzazi. Usiweke hata dola moja kwenye akaunti ya mtoto kabla ya kupata jibu la hilo.

Salio linalonunuliwa mapema kama zawadi, mfano kutoka kwa babu au shangazi aliyetaka kumfurahisha mjukuu au mpwa, linafanana na njia hii kwa juu tu. Baadhi ya salio hilo halirudishwi taslimu. Lisipotumika linapotea, na mtoto usiku wa mwisho ananunua fulana asiyoihitaji ili asipoteze. Kama shangazi ana hiari, atoe noti.

Taslimu mkononi

Ndani ya meli noti hazina kazi kubwa, lakini bandarini ndizo zinazotembea. Mpe mtoto noti ndogo, za dola 1 na 5, asubuhi ya kila bandari, si zote siku ya kwanza. Nassau ni rahisi, maana dola ya Bahama ina thamani sawa na ya Marekani na zote zinapokelewa. Cozumel, kisiwa cha Meksiko, ni tofauti: alama ya $ kwenye kibandiko inaweza kumaanisha peso, pesa ya huko, na muuzaji akipokea dola huweza kurudisha chenji ya peso. Jamaika nako kuna dola yao. Sentensi moja inatosha kumlinda mtoto: kabla ya kutoa pesa, uliza ni dola ya wapi.

Noti zina tatizo la kupotea, na kwenye bwawa la kuogelea zinaloana. Ila ndizo pekee ambazo mtoto wa miaka 9 anaziona zikipungua. Kwa umri huo, kuona noti mbili zimebaki kunasema kuliko namba yoyote kwenye simu.

Mkisafiri ukoo mzima

Familia zetu za Marekani na Kanada, na zile za Dubai na Maskati zinazopanda meli za msimu wa baridi kutoka Dubai au Doha, mara nyingi haziendi baba, mama na watoto peke yao. Wapo bibi, mama mdogo, mjomba na binamu, na watoto wanagawanywa kabini kwa umri na jinsia. Hapa ndipo ugomvi wa kimyakimya huanzia. Matumizi ya mtoto hufuata kadi ya benki iliyosajiliwa kwa nafasi yake ya safari, na mara nyingi hiyo ni ya mkubwa wa kabini aliyopangiwa. Binti yako akilala na binamu zake kwenye kabini ya mama mdogo, soda zake na gemu zake huweza kukatwa kwenye kadi ya mama mdogo, ambaye kwa heshima hatasema kitu. Nendeni kaunta mzazi na mama mdogo pamoja, siku ya kwanza, mbadilishe nani analipia nani. Kabini anayolala mtoto na mtu anayemlipia ni vitu viwili, na mhudumu anaweza kuvitenganisha.

Binamu wawe na kiasi kinacholingana pia. Mmoja akiwa na dola 70 na mwenzake kadi isiyo na kikomo, kikomo cha wa kwanza hakitadumu. Ataagiza kupitia kwa mwenzake.

Chaguo letu kwa umri

Chini ya miaka 8: kadi imefungwa, na noti chache za bandarini mkononi mwa mzazi. Hakuna sababu ya kujadili zaidi.

Miaka 8 hadi 12: kikomo kinachopandishwa kila siku. Ukumbi wa gemu uwe na sheria yake: mtoto anaingia na mzazi au ndugu mkubwa, au anaingia baada ya kutaja atatumia kiasi gani. Kikomo cha jumla peke yake hakimudu gemu, kwa sababu pesa ya siku nzima inaisha kabla hujamaliza kahawa.

Miaka 13 hadi 17: akaunti yake ya taslimu, bakshishi zikiwa zimelipwa pembeni. Intaneti isiingie kwenye dola 70. Ni ghali mno na itazimeza. Kifurushi cha kifaa kimoja kwa kawaida huruhusu kubadilisha kifaa, kwa hiyo mzazi na kijana wanaweza kupokezana, mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia. Kinunuliwe kwa jina la mzazi.

Ndugu wa miaka 9 na 14 wasiwekwe kwenye njia moja kwa kuogopa lawama. Wape kiasi sawa, kwa njia tofauti, na uwaeleze kwa nini.

Siku ya kwanza kaunta

Meli nyingine huwafungulia watoto malipo tangu mwanzo, nyingine huacha yamefungwa mpaka mzazi aseme. Usikisie. Kabla kadi haijafika mkononi mwa mtoto, muulize mhudumu: kadi hii inanunua sasa hivi? Kikomo ni cha siku au cha safari? Bakshishi ya kila siku inaandikwa kwa nani? Gemu ziko ndani ya kikomo au zina kikomo chake? Kinachobaki kinarudishwa vipi? Andika jina la aliyekujibu, kwa sababu mhudumu wa kesho huenda asione maelezo hayo.

Kisha jaribu. Kama kadi imefungwa, nenda na mtoto dukani, mwache ajaribu kununua kitu kidogo, na uone ikikataa. Jaribio hilo huchukua dakika tano, na mtoto anajifunza bila aibu kwamba kukataliwa kwa kadi si adhabu. Meli ikiwa bandarini maduka yake mengi hufungwa, kwa hiyo ngoja iondoke.

Taarifa ya akaunti isomwe kila jioni, wewe na mtoto, mstari kwa mstari. Malipo yasiyotambulika yapelekwe kaunta siku hiyohiyo, wakati aliyeuza bado anakumbuka na risiti yenye saini bado iko karibu. Asubuhi ya kushuka foleni inafika mbali, mizigo imeshatolewa nje, na familia nyingi huamua kuacha dola 12 zisizo zao zikatwe ili wawahi basi la uwanja wa ndege. Pesa ya taslimu iliyobaki kwenye akaunti ya kijana nayo ichukuliwe usiku wa kuamkia siku hiyo, aende mwenyewe, ahesabu noti mbele ya mhudumu, atie saini yake.